Mizani ya Pamoja: Historia ya Mrejesho wa Wenza katika Elimu ya Kanda ya Ziwa na Nafasi ya Zana za Kidijitali Vyuoni

Ikisiri

Matumizi ya zana za kidijitali katika kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu kutoa mrejesho kwa kazi za wenzao huelezwa mara nyingi kama jambo jipya lililoletwa na intaneti. Makala hii inachunguza dai hilo kwa mkabala wa kihistoria, ikijikita katika Kanda ya Ziwa, hususani ukanda wa Misungwi na Mwanza. Inapitia vipindi vitatu: majibizano ya washairi katika magazeti ya Kiswahili kuanzia miaka ya 1920, mradi wa kisomo chenye manufaa na kampeni za redio za miaka ya 1968 hadi 1975, na elimu ya masafa pamoja na mifumo ya kidijitali tangu 1994. Hoja kuu ni kwamba katika vipindi vyote hivyo mrejesho wa wenza ulistawi pale ambapo vigezo vya kupimia kazi vilikuwa mikononi mwa wanajumuiya wenyewe, kwa lugha waliyoimudu, na ulidhoofu pale ambapo vigezo vilibaki kwa mtoaji wa elimu, hata chombo kilipokuwa bora zaidi. Makala inapendekeza kuwa idara za Kiswahili ziongoze katika kuandaa vigezo hivyo kabla ya kuchagua chombo.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Misungwi ipo kusini mwa Jiji la Mwanza, katika barabara kuu iendayo Shinyanga. Ni wilaya changa kiutawala, kwani hadi miaka ya 1990 eneo lake lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kwimba, lakini si changa katika historia ya elimu. Bukumbi, iliyomo wilayani humo, ni miongoni mwa vituo vya awali vya Wamisionari wa Afrika katika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, kilichoanzishwa mwaka 1883. Katika mji wa Misungwi kipo chuo cha maendeleo ya jamii kinachotoa mafunzo ya ufundi. Upande wa kaskazini, Nyegezi, kilifunguliwa mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Tanzania mwaka 1998. Mji wa Mwanza nao ulikuwa makao ya mradi mkubwa wa kisomo ulioanza mwaka 1968, na leo una kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kwa hiyo, mtu mzima wa ukanda huu amefikiwa kwa nyakati tofauti na gazeti, kitabu cha kisomo, redio, kifurushi cha posta, kompyuta na simu ya mkononi, vyote vikimwahidi elimu.

Katika mijadala ya ufundishaji wa vyuo vikuu, swali linaloulizwa zaidi ni chombo gani kitumike. Makala hii inauliza swali linalotangulia hilo: chombo kilipofika, je, msomaji au mwanafunzi alipewa njia ya kusema na mwenzake kuhusu ubora wa kazi, na alipewa kipimo gani cha kusemea? Swali hili lina uzito kwa wataalamu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya majaribio yote makubwa ya kuelimisha watu wazima nchini Tanzania. Pili, shahada za Kiswahili ni miongoni mwa masomo machache ya chuo kikuu ambayo mwanafunzi huyasoma, huyajadili na kuyaandikia kwa lugha ileile anayoitumia na wenzake nje ya darasa.

2.0 Istilahi: Mrejesho, Tathmini na Wenza

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa kabla ya kuendelea, kwani kila moja imebeba mtazamo wake. Nomino *mrejesho* imetokana na kitenzi *rejesha*, ambacho ni umbo la kusababisha la *rejea*. Kinachorejea hurudi chenyewe, ilhali kinachorejeshwa hurudishwa na mtu kwa makusudi. Kwa hiyo, maoni yaliyotupwa hewani bila kumfikia mwenye kazi hayastahili kuitwa mrejesho. Lazima awepo aliyeyarudisha na aliyeyapokea.

Nomino *tathmini* ina mzizi mmoja wa Kiarabu na *thamani* na *thamini*. Kuitathmini kazi, kwa asili ya neno, ni kuitajia bei. Ndiyo maana katika mazingira ya shule neno hili huelekea upande wa alama na mwenye mamlaka ya kuzitoa. Sadler (1989) alihoji mtazamo huo alipoeleza kwamba mwanafunzi hawezi kuiboresha kazi yake mpaka awe na dhana ya ubora inayokaribiana na ile aliyonayo mwalimu wake. Kwa mkabala huo, kumtajia mwanafunzi bei hakutoshi. Ni lazima afundishwe kupima.

Istilahi ya tatu ni *wenza*. Baadhi ya waandishi hupendelea *rika*, lakini neno hilo hudokeza usawa wa umri. Darasa la chuo kikuu katika Kanda ya Ziwa huweza kuwa na kijana aliyetoka kidato cha sita pamoja na mwalimu mwenye miaka ishirini kazini. Hao ni wenza katika kazi, si marika. Tofauti hii, kama itakavyooneshwa, ina athari katika namna mrejesho unavyotolewa.

3.0 Majibizano ya Magazetini

Kabla ya kuwapo chuo kikuu chochote Tanganyika, Kiswahili kilikuwa na uwanja wa maandishi ambamo watu wasiojuana kwa sura walipima kazi za wenzao. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwezi Januari 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji. Mashairi hayo yaliendeleza desturi ya zamani ya malumbano iliyokuwa imekomaa katika miji ya pwani, ambapo shairi lilitaka jibu na fumbo lilitaka mfumbuzi. Gazeti lilichobadilisha ni masafa. Mlumbi wa Lindi aliweza kujibiwa na msomaji wa bara, na jibu likasomwa na maelfu. Magazeti ya baadaye, yakiwamo *Ngurumo* na *Uhuru*, yaliendeleza kurasa hizo.

Mambo matatu yaliuwezesha uwanja huo. La kwanza ni kipimo kilichojulikana na wote. Msomaji hakuhitaji shahada ili aone kwamba mshororo umepungua mizani au kwamba kina cha kati kimeharibika. Aliweza kuhesabu, na aliyekosolewa aliweza kuhesabu pia. Ukosoaji wa namna hiyo ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na mahali pa kukatiwa rufaa. La pili ni lakabu. Washairi wengi walijulikana kwa majina ya utunzi, kama Sudi Andanenga alivyojulikana kwa jina la Sauti ya Kiza, na lakabu iliweka nafasi kati ya mtu na maneno yake. La tatu ni mhariri, ambaye aliamua kipi kichapishwe na mjadala ukomee wapi.

Hata hivyo, uwanja huo haukuwa wa wote. Ulimhitaji mtu ajue kusoma na kuandika, na ulimhitaji azijue kanuni za umbo zilizotoka pwani. Kwa mkulima wa Usukuma ambaye hakupata shule, mlango huo ulikuwa umefungwa. Kufunguliwa kwake kulisubiri kisomo.

4.0 Kisomo na Redio, 1968–1975

Mwaka 1965 mawaziri wa elimu walikutana Tehran chini ya UNESCO kujadili ufutaji wa ujinga wa kutojua kusoma. Kutokana na mkutano huo ulizaliwa mpango wa majaribio wa kisomo duniani, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizochaguliwa. Mradi wa Tanzania ulianza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, ukihusisha mikoa minne ya kandokando ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima hujifunza kusoma haraka iwapo anachokisoma kinahusu kazi yake. Kwa hiyo, vitabu vya kisomo viliandikwa kwa kufuata shughuli za wananchi, kama kilimo cha pamba na ndizi, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani.

Katika ukanda wa Kwimba na Misungwi, uchaguzi wa pamba ulikuwa na historia nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya vyama vya ushirika kushika ununuzi, moja ya manung'uniko makubwa ya wakulima wa Usukuma lilikuwa mizani ya mnunuzi. Hatua za awali za vuguvugu la ushirika, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, zilihusu kupata wapimaji wa kujitegemea ambao mkulima aliwaamini, ili ajue uzito wa pamba yake kabla haijatajiwa bei. Shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria lilipoundwa mwaka 1955, lilikuwa limejengwa juu ya dai hilo la mkulima kuwa na kipimo chake. Kujua kusoma namba na stakabadhi kulikuwa sehemu ya dai hilohilo. Watu waliojiunga na madarasa ya kisomo katika eneo hili walikuwa wanajua, kwa uzoefu wa ghalani, tofauti kati ya kupimwa na kupima.

Mradi ulipopanuliwa na kuwa kampeni ya taifa, hasa baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na walimu wa kujitolea. Wengi wao walikuwa wahitimu wa shule ya msingi waliowafundisha majirani zao kwa posho ndogo. Ukerewe, iliyokuwa katika Mkoa wa Mwanza, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa lengo la kufuta ujinga ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Masomo yalifanyika chini ya miti, katika maghala na katika nyumba za watu, na kujifunza kulitegemea sana mwanafunzi mmoja kumsaidia mwingine.

Kampeni za redio ziliongeza kipengele kingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha *Wakati wa Furaha* mwaka 1971 na *Mtu ni Afya* mwaka 1973. Kampeni hiyo ya pili ilifikia takribani watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza vilivyokuwa na viongozi waliopewa mafunzo. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wenye nguvu: kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma sehemu ya kitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufukia madimbwi. Mafanikio yake hayakutokana na redio peke yake. Redio ilisema na wote kwa mara moja, lakini haikuweza kumsikia yeyote. Mrejesho ulifanyika ndani ya kikundi, kati ya jirani na jirani, na kipimo chake kilikuwa wazi, kwani choo kilichochimbwa kilionekana na kila mtu.

Kuna upande wa pili wa historia hii. Mwezi Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo uliowapanga wanakisomo katika hatua nne. Matokeo yalionesha kuwa kiwango cha kutojua kusoma, kilichokuwa takribani asilimia 67 mwaka 1967, kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, vigezo vya mtihani viliandaliwa makao makuu, na mwanakisomo alirudi kuwa mtu wa kupimwa. Tathmini ya jumla ya mpango wa dunia, iliyochapishwa na UNESCO na UNDP mwaka 1976, iliukosoa mpango huo kwa kuelemea mno upande wa uzalishaji na kutozingatia vya kutosha mambo ya kijamii na kiutamaduni. Kwa maneno ya makala hii, kitabu kilifika, redio ikafika, lakini mizani ilirudi ofisini.

5.0 Kutoka Posta hadi Mtandao

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilimfikia mwanafunzi ambaye vyuo vya bweni havikuweza kumpokea: mwalimu, karani au muuguzi aliye kazini. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo aliyeishi Misungwi, Kwimba au Sengerema, maandishi ya masomo yalikuwa mwalimu wake wa kila siku, na kituo cha mkoa kilikuwa mahali pa mtihani na pa kukutana ana kwa ana na wakufunzi. Mfumo huo ulimrejeshea alama. Haukumpa kwa urahisi mwenza wa kusoma rasimu yake.

Kompyuta na intaneti zilitarajiwa kuziba pengo hilo. Mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika ulianza mwaka 1997. Mwaka 2002 ulitolewa mfumo huria wa Moodle, ambao vyuo vingi vya Tanzania viliuchukua baadaye. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na kuiunganisha nchi na mtandao wa dunia kwa kasi isiyokuwapo kabla. Ndani ya Moodle imo sehemu maalumu ya kazi za wenza. Mwalimu huweka vigezo, wanafunzi hupakia kazi zao, mfumo huzigawa kwa wahakiki, majina yanaweza kufichwa, na mwishoni kila mwanafunzi anaweza kupata alama mbili: moja ya kazi yake na nyingine ya ubora wa uhakiki wake. Kwa umbo, huu ndio uwanja wa *Mambo Leo* ukiwa na lakabu zake na mhariri wake.

Hata hivyo, utafiti wa Joel Mtebe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionesha, katikati ya muongo wa 2010, kuwa mifumo hii katika vyuo vya Afrika kusini mwa Sahara ilitumika chini ya uwezo wake, na mara nyingi kama ghala la kuwekea maandishi ya mihadhara. Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kuanzia Machi 18 hadi Juni 1, 2020, udhaifu huo ulijitokeza wazi: kuwa na mfumo hakukuwa sawa na kuwa na mazoea ya kufundishana ndani yake. Wakati huohuo, mazungumzo ya wanafunzi yaliendelea kwingine. Makundi ya WhatsApp, yanayoendeshwa na wanafunzi wenyewe kwa Kiswahili, ndiyo yanayobeba maswali, maelezo na mabishano ya kozi. Hivyo, mara nyingi pamekuwa na nyumba mbili: mfumo rasmi wenye sura ya Kiingereza na maandishi ya mwalimu, na kundi lisilo rasmi lenye Kiswahili na sauti za wanafunzi. La kwanza lina vigezo bila mazungumzo, la pili lina mazungumzo bila vigezo.

Mfano wa karibu na taaluma ya Kiswahili unathibitisha kuwa wasomaji wa lugha hii wako tayari kusahihishana mtandaoni. Mradi wa Kamusi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulipokea michango ya watumiaji kuhusu maneno na maana. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na kuhaririwa na watu wanaosahihishana waziwazi. Lakini Google ilipoendesha shindano la makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki kati ya 2009 na 2010, makala nyingi ziliandikwa kwa muda mfupi, kisha washiriki wengi hawakuendelea. Zawadi iliweza kuleta maandishi. Haikuweza peke yake kuleta jumuiya ya wahakiki.

6.0 Mjadala

Vipindi hivi vitatu vikilinganishwa, masharti manne ya mrejesho wa wenza yanajitokeza.

Sharti la kwanza ni kipimo cha pamoja. Topping (1998), katika mapitio yake ya tafiti za tathmini ya wenza vyuoni, alionesha kuwa hukumu za wanafunzi zinaweza kuwa na uthabiti unaokubalika katika mazingira mbalimbali. Historia ya majibizano inaunga mkono jambo hilo: mizani na vina vilimfanya msomaji wa kawaida kuwa mhakiki. Katika kozi ya leo ya uchambuzi wa riwaya, mwanafunzi anayeambiwa "toa maoni kuhusu kazi ya mwenzako" bila kipimo huandika "hongera, kazi nzuri" na kuondoka. Akiulizwa dai kuu la insha ni lipi, ni sehemu gani ya riwaya iliyotumika kama ushahidi, na je ushahidi huo unalithibitisha dai, ana jambo la kuhesabu kama mlumbi alivyohesabu mizani.

Sharti la pili ni lugha. Uhakiki ni kazi ya kutofautisha mambo yanayokaribiana, na mtu hutofautisha vizuri kwa lugha anayoimudu. Idara za Kiswahili hazina kisingizio hapa. Wanafunzi wao wana lugha, wana istilahi na wana desturi. Kinachokosekana ni fomu za vigezo zilizoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kuingizwa katika mifumo ya vyuo.

Sharti la tatu ni ulinzi wa mhakiki. Kijana anayemwamkia mwenzake wa darasani shikamoo hawezi kwa urahisi kumwambia kwamba hoja yake haina ushahidi. Lakabu ziliwasaidia walumbi, na kuficha majina katika Moodle kunaweza kusaidia vilevile. Lakini kuficha jina bila kipimo huzaa matusi, na ndiyo sababu mhariri alihitajika. Mwalimu hapaswi kujiondoa. Kazi yake huhama kutoka kupima kila kazi na kuwa kusimamia upimaji.

Sharti la nne ni gharama. Vikundi vya *Mtu ni Afya* vilitumia redio moja kwa watu wengi. Mfumo wa leo humtaka kila mwanafunzi awe na kifaa chake na kifurushi chake. Mwalimu aliye kazini Misungwi anayelazimika kununua data ili apakue faili tano za wenzake atashiriki kwa kadiri ya mfuko wake, na kimya chake kitahesabiwa kuwa uvivu. Kazi fupi za maandishi matupu, zinazoweza kusomwa kwa simu na kuhakikiwa katika vikundi vya watu watatu au wanne, zinaafiki zaidi mazingira haya kuliko video na mikutano ya mubashara.

Hoja ya kipimo cha pamoja inaweza kupingwa kwamba kipimo hufunga ubunifu. Pingamizi hilo lina mashiko, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyolitoa kwa sauti kubwa zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alichapisha *Kichomi* mwaka 1974 na kuukataa ulazima wa vina na mizani. Mgogoro wa ushairi uliofuata, wenye wanamapokeo upande mmoja na wanausasa upande mwingine, uliendeshwa magazetini, mihadharani na vitabuni. Tukio hilo haliipingi hoja ya makala hii, bali linaikamilisha. Kezilahabi aliweza kuihoji mizani kwa sababu mizani ilikuwa wazi, na wapinzani wake waliweza kumjibu kwa sababu hiyohiyo. Kigezo kilichofichwa katika dawati la mwalimu hakiwezi kufuatwa vizuri wala kupingwa vizuri. Kwa hiyo, wanafunzi wapewe nafasi ya kuvijadili vigezo na kupendekeza mabadiliko kabla ya kuvitumia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa mrejesho wa wenza si mgeni katika elimu ya Kiswahili, na kwamba ukanda wa Mwanza na Misungwi umeshuhudia majaribio kadhaa ya kuufikisha kwa watu walio mbali na madarasa. Kila chombo kilichokuja kiliongeza kasi na eneo la kufikiwa. Hakuna kilichokuja na kipimo ndani yake. Kipimo kilitoka kwa walumbi waliozijua kanuni, kwa kikundi kilichoona choo kimechimbwa, na kabla ya hapo kwa wakulima waliodai mpimaji wao ghalani.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo matatu. Idara za Kiswahili zishirikiane kuandaa vigezo vya uhakiki wa wenza kwa kila aina ya kazi ya kitaaluma, kwa lugha inayoeleweka na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Uhakiki wa mwanafunzi uhesabiwe kuwa kazi yenye alama, kwani kisichohesabiwa hakifanywi kwa makini. Na uamuzi kuhusu programu ya kutumia ufanywe mwishoni, baada ya kujulikana wanafunzi watapima nini, kwa lugha gani na kwa gharama ya nani. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wanafunzi wa Kiswahili wanavyokosoana katika makundi yao yasiyo rasmi, kwa sababu huko ndiko lugha ya uhakiki ya kizazi hiki inakotengenezwa, na wasomi wa Kiswahili bado hawajaisikiliza vya kutosha.